Tunahama Subversion kwenda Git: historia ya kabla ya 2011 haionekani. Tuibebe yote au tuanze upya?

#1 Nyar_Kano (Kisumu)
Hamjambo wote. Tunatunza mfumo wa SACCO hapa Kisumu: amana, mikopo, riba, gawio la mwisho wa mwaka. Umeandikwa kwa Java tangu 2007. Ulianzia CVS (mfumo wa zamani wa kutunza historia ya msimbo), ukahamia Subversion (wa aina hiyohiyo, historia hukaa kwenye seva moja), na mpaka leo uko Subversion ndani ya kompyuta moja ya Windows iliyo chini ya meza ya mapokezi. Diski yake imeanza kutoa sauti. Bosi anataka tuwe Git kufikia mwisho wa mwezi.

Nimeendesha `git svn clone --stdlayout`, amri ya kunakili historia ya Subversion kwenda Git, ikamaliza bila kulalamika. Lakini folda ya riba, ambayo ndiyo roho ya mfumo, inaanzia 2011. Faili zote zinatokea ndani ya komiti moja (badiliko moja lililohifadhiwa), kana kwamba ziliandikwa zote usiku huo. Ilhali repo ya Subversion, yaani hifadhi ya msimbo na historia yake, ina komiti za 2007. Miaka minne imeenda wapi?

Swali la pili limegawanya ofisi: kuna haja ya kubeba historia yote, au tuchukue faili za leo tu tuanze nazo Git?

#2 Wuod_Alego
Nyaminwa, anzeni upya. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alipoanza Git Aprili 2005 hakuhamisha historia ya Linux kutoka BitKeeper, mfumo waliotumia awali. Alichukua toleo la 2.6.12-rc2 kama lilivyo, akaifanya komiti ya kwanza, kazi ikaendelea. Kama kiini cha Linux kiliachana na historia yake, SACCO ya Kisumu itashindwaje? Chukua faili za leo, weka repo ya Subversion iwe ya kusoma tu, mwenye shida ya mambo ya 2009 atakwenda kuchungulia huko.

#3 Mwl_Njoro
#2 amesema kweli nusu. Linus alianza bila historia, ndiyo, lakini historia ile haikutupwa. Watu waliigeuza baadaye ikawa repo ya Git ya peke yake, na ukitaka unaziunganisha mbili kwa `git replace`, halafu `git log` inapita 2005 na kuendelea nyuma. Pia wale walikuwa na barua za miaka mingi za majadiliano ya kila badiliko, zimehifadhiwa hadharani. Je, ofisi ya Nyar_Kano ina barua kama hizo? Mahali pengi hapa kwetu sababu ya badiliko imeandikwa sehemu moja tu, kwenye ujumbe wa komiti. Ukiiacha, hakuna pengine pa kuitafuta.

Na hilo la "atakwenda kuchungulia huko" linategemea ile kompyuta chini ya meza iwe hai. Ameshasema diski inatoa sauti.

#4 Mulembe_Sys (Kakamega)
Mulembe. Miaka minne iliyopotea mimi naijua ilipo. Mtu alihamisha folda kwa mkono. Mwaka 2011 kuna aliyetaka kupanga mradi vizuri, akafungua Windows Explorer, akaikata folda ya riba akaibandika mahali pengine, halafu akabonyeza Add na Commit. Ukihamisha kwa `svn move`, Subversion inaandika kwamba hii ilitoka pale, revisheni (namba ya komiti) fulani. Ukihamisha kwa Explorer haijui kitu. Kwake ile ni folda mpya kabisa na ile ya zamani imefutwa. `git svn` nayo hufuata kile Subversion ilichoandika, haibuni.

Endesha `svn log -v` kwenye revisheni hiyo ya 2011. Ukiona mstari wa `A` na mbele yake kuna `(from ...)`, nimekosa. Ukiona `A` tupu, nimepata.

#5 Menengai_Seva (Nakuru)
Heshima kwako Mulembe, lakini kabla ya hilo aulizwe kuhusu ruhusa. Nyar_Kano, uliingia Subversion kwa akaunti ya nani? Ofisi nyingi za fedha huweka faili la authz ili vijana wasione baadhi ya folda. Akaunti yako ikiwa imezuiwa kusoma njia ya zamani, seva haikuambii "umezuiwa". Inakupa kile unachoruhusiwa na kunyamaza. Git inapokea hicho hicho na kumaliza bila kulalamika, jambo ambalo ndilo umelieleza.

#6 Sosiani_Dev (Eldoret)
Mimi naweka sababu ya tatu. `--stdlayout` inadhani repo yako ina folda za `trunk` (kazi kuu), `branches` (matawi) na `tags` (matoleo) tangu siku ya kwanza. Miradi iliyotoka CVS mara nyingi ilimwagwa kwenye mzizi wa repo, na `trunk` ikaja baadaye mtu aliposoma mwongozo. Komiti za kabla ya `trunk` kuzaliwa ziko nje ya eneo linalotazamwa.

Kuhusu kubeba au kutobeba: hapa Eldoret tuna mfano mkubwa nyumbani. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ilianza 2004, ikaanza kutumika kwa wagonjwa hapa Februari 2006, na msimbo wake uliishi Subversion kabla ya kwenda GitHub. Historia walihama nayo. Leo kijana anayefungua faili la zamani la mfumo ule anaona mstari uliandikwa lini na kwa tatizo gani. Kwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa hiyo si anasa. Kwa pesa za wanachama vilevile.

#7 Kericho_Chai
Mnapoteza muda na kitu kilichokufa. Subversion ilishakufa, hakuna anayeitunza. GitHub walipotengeneza Git 2008 ndipo mambo yakaisha. Hameni haraka.

#8 Mwl_Njoro
Kericho_Chai, turekebishe hapo, maana wanafunzi wangu husoma nyuzi hizi.

Git ni ya 2005. Torvalds aliianza Aprili, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu hapo. GitHub ni kampuni iliyofunguliwa 2008 ili kuhifadhi repo za Git, na Microsoft waliinunua 2018. Mtu anaweza kutumia Git maisha yake yote bila kugusa GitHub.

Subversion nayo haijafa. CollabNet waliianzisha 2000, toleo 1.0 likatoka Februari 2004, ikaingia chini ya shirika la Apache, na 1.14 ya 2020 ni toleo la kutunzwa muda mrefu. Iliyosimama ni CVS: toleo lake thabiti la mwisho, 1.11.23, ni la 2008. Hata hiyo bado mradi wa OpenBSD unaitumia kila siku.

#9 Kericho_Chai
Nimesoma mwalimu, asante. Bado nasema wahame haraka. Kijana anayetoka chuo leo hajui `svn update` ni nini.

#10 Dada_Kibos
Nyar_Kano, beba yote. Nakuambia kwa sababu ya jambo nililoliona mahali nilipofanya kazi zamani, sitapataja. Tulikuwa na mfumo wa mikopo. Mkaguzi alikuja akauliza: kwa nini riba ya mkopo wa dharura inakatwa desimali chini, na ya mkopo wa maendeleo inapandishwa juu? Tofauti ni senti kwa mwanachama, lakini wanachama ni maelfu na miaka ni mingi. Hakuna aliyejua. Aliyeandika alikwishaondoka nchini. Uongozi uliotangulia ulikuwa umehamia Git kwa kuchukua faili za siku ile tu, na seva ya Subversion ikafutwa ili kompyuta itumike kwa kazi nyingine.

Tulikaa na karatasi za mikutano ya wanachama tukitafuta azimio linaloweza kuwa ndilo chanzo. Tulipata mawili, yanapingana. Mkaguzi aliandika alichoandika. Mstari mmoja wa ujumbe wa komiti ungetosha.

Kwa hiyo mtu akiniambia historia ni mzigo, naomba aniambie pia atajibu nini mkaguzi akija.

#11 Wuod_Alego
Dada, pole kwa hilo, na nakubali pesa ni pesa. Lakini tuseme ukweli kuhusu historia zenyewe. Nimefungua repo nyingi za ofisi zetu hizi. Ujumbe ni "update", "update 2", "fix", "mwisho", "mwisho kabisa". Historia ya namna hiyo ni kama risiti isiyo na jina la duka wala bidhaa: ina tarehe na basi. Unatumia wiki nzima kuhamisha "update" elfu tatu.

#12 Dada_Kibos
Hata "update" ina tarehe na jina la mtu, na inaonyesha mstari ulikuwaje kabla. Ukijua badiliko lilifanywa Machi 2010 unajua ni mkutano gani wa kutafuta. Sisi hata hiyo hatukuwa nayo.

#13 Nyar_Kano
Asanteni, nimefanya alichosema Mulembe. Kwenye `svn log -v` revisheni ile inaonyesha `A /trunk/src/riba` tupu, hakuna `from`. Chini yake faili zote za riba, kila moja `A`. Aliyekomiti ni akaunti inaitwa "ofisi", ambayo watu wote waliitumia wakati huo. Akaunti yangu mimi ni ya kawaida, si ya msimamizi.

#14 Mulembe_Sys
Basi limekwisha. `A` tupu. Explorer. Tafuta mstari wa `D` wa folda ya zamani karibu na hapo, revisheni hiyohiyo au iliyotangulia, utaona ilikokuwa.

#15 Menengai_Seva
Halijaisha ndugu yangu. Subversion ikikuzuia kusoma njia ya zamani, inaficha pia maneno ya `from`, kwa sababu kukuonyesha tu jina la folda uliyozuiwa ni kuvujisha siri. Na mstari wa `D` wa folda hiyo unafichwa vilevile. Kwa hiyo `A` tupu inaweza kuwa Explorer, inaweza kuwa authz. Kwa alichotuonyesha hatuwezi kutofautisha.

Cha kutofautisha ni kimoja: kaa kwenye mashine yenyewe na usome repo kwa `file:///` badala ya kupitia seva. Njia hiyo haipiti kwenye authz kabisa. Kama `from` itajitokeza, ni mimi. Kama haitajitokeza, Mulembe achukue soda.

#16 Fundi_wa_Kondele
Simameni kwanza! Mnamwambia mtu akae aendeshe amri kwenye diski inayolia? Diski ikilia, kila kusoma ni hatari. Kwanza nakala. Na si kunakili folda kwa mkono huku seva ikiendelea, maana mtu akikomiti katikati unapata nakala isiyolingana. Tumia `svnadmin hotcopy` kwenda kwenye diski ya nje, halafu `svnadmin verify` juu ya nakala. Verify inapitia revisheni zote moja baada ya nyingine, na kama kuna iliyooza itakutajia namba yake. Kazi nyingine yote fanya kwenye nakala, kwenye mashine nyingine.

Na hiyo mashine nyingine iwe Linux. Windows haitofautishi `Malipo.java` na `malipo.java`. Ukigeuzia hapo, faili mbili zinageuka moja bila wewe kuona.

#17 Sosiani_Dev
Naunga mkono #16. Faida ya ziada: `git svn` ikisoma repo iliyo kwenye diski yako kwa `file:///` inakwenda kasi sana, kwa sababu kupitia mtandao huomba revisheni mojamoja.

#18 Kericho_Chai
Na stima ikipotea katikati je? Huku kwetu mvua ikianza tu tunahesabu.

#19 Sosiani_Dev
Unaendelea kwa `git svn fetch`, inaanzia ilipoachia. Usifute folda uanze upya.

#20 BusiaMpakani
Mmeongea historia tu, hamjataja faida kubwa ya Git kwa watu wa huku kwetu. Subversion bila mtandao huwezi kukomiti. Seva ikiwa Kisumu na wewe uko tawini Busia mtandao umekatika, unafanya kazi ya siku nzima bila kuweka hata hatua moja. Git unakomiti hapo ulipo, unaona logi yote, unalinganisha na toleo la mwaka jana, yote bila bando. Mtandao ukirudi unapushi, yaani unazituma seva.

Na usiporudi, kuna `git bundle`. Unafunga komiti zako ndani ya faili moja, unaweka kwenye flashi, unampa mtu wa matatu akufikishie, mwenzako Kisumu anavuta kutoka kwenye faili hilo kama vile ni seva. Tumefanya hivyo mara nyingi, na nakuhakikishia linafanya kazi.

#21 Menengai_Seva
Upande wa pili wa hilo usemwe pia. Kwenye Subversion, ukikomiti kazi iko kwenye seva. Kwenye Git ukikomiti iko kwenye laptopu yako. Kuna kijana ninayemjua aliyeibiwa begi kwenye stendi ya magari akiwa na komiti za majuma mawili hajapushi. Alidhani amehifadhi kwa sababu aliona neno "commit", na aliyekuja kutoka Subversion ana haki ya kudhani hivyo. Wiki ya kwanza ya kuhama, hili ndilo la kufundisha kabla ya matawi na mambo mengine.

#22 Fundi_wa_Kondele
Kweli. Lakini seva ya Subversion ikifa bila bakapu, historia ya wote imekufa. Kwenye Git kila aliyekloni (aliyejinakilia repo) ana historia nzima. Nimewahi kurudisha mradi wa ofisi kutoka kwenye laptopu ya kijana wa atachimenti aliyekuwa amesharudi Maseno. Alikloni siku ya mwisho tu, ikatosha.

Kwa wanaotafuta SSD hapa mjini, nunua iliyofungwa na uipime mbele ya muuzaji. Za bei ya chini sana huandikwa ukubwa usiokuwepo.

#23 Wuod_Alego
Fundi, umeanza tangazo sasa.

#24 Fundi_wa_Kondele
Siuzi SSD, mimi narekebisha. Zinaletwa kwangu zikiwa zimekufa.

#25 Dada_Kibos
Jambo ambalo halijatajwa na linanitia hofu: Nyar_Kano, repo hii ikiisha mnaipeleka wapi? Kama ni GitHub au sehemu yoyote nje ya ofisi, pitieni historia YOTE kwanza. Mfumo wa SACCO una nywila za hifadhidata kwenye faili za mipangilio, una funguo za Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), na mara nyingi kuna mtu aliwahi kukomiti `bakapu.sql` yenye majina ya wanachama, namba za vitambulisho na za simu. Hata kama ilifutwa komiti iliyofuata, iko ndani ya historia, na yeyote mwenye repo anaipata. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba mlikuwa mnahamisha tu.

Funguo zibadilishwe kabla ya kuhama, zote, hata mnazodhani hazitumiki. Kuzifuta kwenye historia bila kuzibadilisha hakusaidii, maana nakala za zamani ziko kwa watu.

#26 Nyar_Kano
Dada umenishtua. Nimetafuta sasa hivi, `bakapu.sql` ipo, tena nyingi, za kila Ijumaa za mwaka mzima wa 2013. Repo ya Git imekuwa ya GB kadhaa. Nilidhani ni msimbo.

#27 Mwl_Njoro
Hapo ndipo tofauti ya mifumo hii miwili inapouma. Mtumiaji wa Subversion anavuta faili za leo tu, mazito ya zamani yanabaki seva na hayahisi. Git inampa kila mtu historia nzima, kwa hiyo kila SQL ya kila Ijumaa inashuka kwenye kila laptopu. Ndiyo maana repo iliyoonekana nyepesi inageuka nzito siku ya kuhama. Na GitHub inakataa faili lolote linalozidi MB 100.

Tumia `git filter-repo`, kifaa kilichochukua nafasi ya `filter-branch`. Unaweza kutaja faili kwa jina, au `--strip-blobs-bigger-than 10M`.

#28 Mulembe_Sys
Angalizo kwa #27: filter-repo inabadilisha utambulisho wa komiti zote kuanzia ya kwanza inayoguswa. Ukiifanya halafu ukataka kuendelea na `git svn fetch`, haviungani tena. Mpangilio uwe huu: funga Subversion isiandikwe, fetch ya mwisho, ndipo usafishe, ndipo wengine wakloni. Anayekloni kabla ya kusafisha atarudisha uchafu wote siku atakapopushi.

Kufunga ni rahisi, skripti ya pre-commit inayokataa kila kitu na kutoa ujumbe "tumehamia Git". Ijumaa jioni ni saa nzuri.

#29 Sosiani_Dev
Nami nina angalizo juu ya kukata kwa ukubwa. Miradi ya Java ya wakati ule iliweka faili za jar (maktaba za Java zilizofungwa) ndani ya folda ya `lib`. Ukikata kila kinachozidi MB 10, jar kubwa zinaondoka na toleo la 2013 halijengeki tena. SQL ziondoke kwa jina. Jar ziache, hata kama repo itabaki nzito.

#30 Kericho_Chai
Jar ziko kwenye Maven, hifadhi ya mtandaoni ya maktaba za Java, anapakua.

#31 Sosiani_Dev
Si zote. Nyingine zilitoka kwa muuzaji wa programu ya ripoti aliyekwishafunga biashara. Mimi nisingekata kitu ambacho siwezi kukipata tena.

#32 BusiaMpakani
Hii akaunti ya "ofisi" mtaifanyaje kwenye orodha ya majina? Git inataka jina na barua pepe kwa kila akaunti: `ofisi = Jina <barua>`. Msimpe mtu mmoja kazi ya watu saba. Mimi ningeandika "Akaunti ya pamoja ya ofisi" niiache hivyo. Vijana wa atachimenti wa zamani wapewe majina yao, kazi ni yao.

Na wasitumie `--no-metadata`. Ile mistari ya `git-svn-id` chini ya kila ujumbe inachukiza macho, lakini madaftari ya ofisi na barua pepe za zamani zinasema "angalia r1847". Ukiifuta, r1847 haina maana tena.

#33 Wuod_Alego
Hilo la namba nakubali. Na nimeelewa sasa upande wa Dada_Kibos. Bado msimamo wangu ni repo mbili: moja nyepesi ya kazi inayoanzia leo, nyingine ya historia kamili imewekwa kando, na anayetaka aziunganishe kwa ile `git replace` ya Mwalimu. Kijana mpya asibebeshwe GB za 2013.

#34 Mwl_Njoro
Ni njia halali. Jua tu kwamba uunganisho wa `git replace` haupelekwi seva ukipushi kawaida. Kila mtu lazima aufanye kwake, au muupushi kwa makusudi. Na anayetaka kukloni haraka ana `--depth 1` bila kugawa repo.

#35 Nyar_Kano
Nimerudi. Nilifanya hotcopy jana usiku, verify imepita zote, hakuna iliyooza. Nikasoma nakala kwa `file:///` kwenye Linux. Revisheni ya 2011: `A /trunk/src/riba`, bado hakuna `from`. Na nimetafuta `D` ya folda ya riba popote kabla yake, haipo. Repo nzima haijawahi kuwa na folda ya riba kabla ya siku hiyo.

#36 Menengai_Seva
Basi si authz. Lakini Mulembe, na yako je? Ingekuwa Explorer, folda ya zamani ingekuwepo mahali.

#37 Mulembe_Sys
Inaweza kuwa iliitwa jina lingine kabisa. Nyar_Kano, tafuta faili kwa majina yake, si folda. Kama kuna darasa la Java la kukokotoa riba, litafute tangu 2007.

#38 Nyar_Kano
Nimetafuta. Kabla ya 2011 kuna madarasa ya amana na ya wanachama tu. Hakuna hata faili moja la mikopo.

#39 Dada_Kibos
Na SACCO ilikuwa inatoa mikopo 2008?

#40 Nyar_Kano
Ndiyo. Katibu wa wakati huo anasema stakabadhi zilichapishwa na mfumo huuhuu.

#41 Mwl_Njoro
Hapo naona CVS. CVS inahifadhi historia ya kila faili peke yake, faili moja la `,v` kwa kila faili la msimbo, na moduli zinaweza kuishi kwenye repo tofauti, hata mashine tofauti. Inawezekana amana zilihamishwa vizuri kwa kifaa cha cvs2svn pamoja na historia, na mikopo na riba zilikuwa CVS nyingine, zikaendelea huko mpaka 2011, halafu mtu akachukua faili za siku hiyo akazimwaga kwenye Subversion. Alifanya kile ambacho Wuod_Alego alikipendekeza pale #2.

Hili la kuhama mara mbili si geni. GCC (mradi wa kikusanyaji cha lugha ya C) walitoka CVS kwenda Subversion 2005, kisha Subversion kwenda Git Januari 2020, wakiwa na revisheni zaidi ya 280,000. Walitumia kifaa cha reposurgeon cha Eric Raymond, na sehemu ya kazi ilikuwa kutengeneza mabaki ya kuhama kule kwa kwanza.

#42 Sosiani_Dev
Au kazi ya mikopo ilipewa mtu wa nje, akaiandika kwake, akawakabidhi kwenye CD 2011. Katika hali hiyo historia haijawahi kuwa yenu.

#43 Mulembe_Sys
Au ilikuwepo kwenye Subversion nyingine, na mtu akaleta kwa `svn export`. Ni Explorer kwa sura nyingine.

#44 Nyar_Kano
Katibu wa zamani yuko Kakamega siku hizi. Nimempigia. Anasema ana sanduku la CD za ofisi ya kwanza, na moja imeandikwa "MIKOPO 2010". Mwanawe ameifungua akanisomea majina ya faili kwa simu. Yanaishia na koma na v.

#45 Mwl_Njoro
Hizo ni faili za CVS zenyewe! Kifaa cha cvs2git kinasoma `,v` moja kwa moja, hakihitaji seva ya CVS iwe hai. Geuza, halafu komiti yake ya mwisho uifanye mzazi wa ziada wa ile ya 2011, ukitaja na mzazi wake wa sasa, kwa `git replace --graft`, na ukipitisha filter-repo baada ya hapo uunganisho unakuwa wa kudumu.

#46 Menengai_Seva
CD imeandikwa 2010 na faili ziliingia 2011. Kuna pengo, linganisha msimbo wa mwisho wa CD na ule wa siku ya kwanza ya Subversion. Kama havifanani, Sosiani_Dev naye bado yumo.

#47 Fundi_wa_Kondele
Mwanawe asiendelee kuifungua na kuifunga. CD za kuchomwa nyumbani za umri huo zinakufa ukizichezea. Ainakili yote mara moja kwenye flashi, na faili litakalokataa aliruke aendelee na mengine, alirudie mwishoni.

#48 Mulembe_Sys
Niko Kakamega, nina kisomaji kizuri cha CD. Nyar_Kano, nitumie namba ya huyo katibu faraghani, kesho asubuhi naweza kupita.